Swali moja la sumukuvu, milango minne: uchague ubia gani kwa tasnifu yako ya sayansi ya chakula?

Wanafunzi wa umahiri wa sayansi ya chakula wakishamaliza mitihani ya mwaka wa kwanza, simu yangu huanza kulia. Mazungumzo yanafanana. Mwalimu mmoja ana mradi na kituo cha kimataifa, mwingine ana ubia na chuo cha Ulaya, wa tatu anafahamiana na meneja wa kiwanda cha unga, wa nne anafanya kazi vijijini pamoja na halmashauri. "Kaka, niende kwa nani?"

Kuwahesabia sifa za kila shirika hakuwasaidii, maana hakuna shirika lisilojisifu. Ninachofanya ni kuchukua swali moja la utafiti na kulipitisha kwenye kila mlango, kisha tunaangalia linatokea upande wa pili likiwa na sura gani, limemgharimu nini mwanafunzi, na limebaki mikononi mwa nani. Swali ninalolitumia ni la sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga.

Nimelichagua kwa sababu limeua watu wa kwetu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317 na kati yao 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya mahindi, na 5 kwa ile kali zaidi, B1. Hizo ni sehemu 10 ndani ya sehemu bilioni. Macho hayazioni na pua haizinusi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza unahitaji mtu mwenye mashine. Ubia unaanzia hapo.

Kwanza, hesabu miezi

Nasikia sana "nina mwaka mzima wa utafiti". Tuuhesabu. Andiko la utafiti litetewe mbele ya idara, lirekebishwe, barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ifike kwa Mtendaji wa Kijiji. Ukiwa Kenya, kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI. Miezi miwili au mitatu imeondoka. Kuandika tasnifu, msimamizi kuisoma, mtahini wa nje kuirudisha: miezi mitatu mingine. Unabaki na miezi sita, ukibahatika saba, ya kushika sampuli.

Na mahindi hayamsubiri mtu. Dodoma wana msimu mmoja wa mvua, mavuno yanaangukia kati ya Mei na Julai. Ukizikosa wiki hizo, hupimi tena sumu iliyotoka shambani, unapima sumu iliyoingia ghalani, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Ongeza na sumukuvu safi ya kulinganishia, ile inayokuja kwenye vichupa vidogo na ambayo bila yake mashine haiwezi kukupa namba yoyote ya kuaminika. Inaagizwa nje, na inaweza kukaa njiani na forodhani wiki nyingi.

Hiyo miezi sita ndiyo kipimo changu kwa kila mlango ninaoueleza hapa. Kwa mwanafunzi wa uzamivu, mwenye miaka mitatu au minne, hesabu inabadilika, nami nitasema inapobadilika.

Mlango wa kituo cha kimataifa

Ukanda wetu una vituo hivi karibu kuliko wengi wanavyodhani. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyozaliwa mwaka 1994 kwa kuunganisha kituo cha Nairobi na cha Addis Ababa, iko upande wa Kabete, jirani na kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi ambako sayansi ya chakula inafundishwa. CIP, kituo cha kimataifa cha viazi chenye makao yake Lima, Peru, kina ofisi Nairobi. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki iliyoanzishwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1967, ina kituo Mikocheni, Dar es Salaam.

Ukiingia na swali lako la sumukuvu, utakuta limeshaulizwa kabla hujafika. IITA wanashughulika na Aflasafe. Wanatafuta aina za kuvu Aspergillus flavus za hapahapa nchini ambazo hazina uwezo wa kutengeneza sumu, wanazipaka kwenye punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, kisha punje hizo zinamwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hizo zinawahi nafasi, na zenye sumu zinakosa pa kukaa. Ya Tanzania, TZ01, ilisajiliwa mwaka 2018, na kiwanda cha A to Z cha Arusha, tunachokijua zaidi kwa vyandarua, kikachaguliwa kuitengeneza na kuisambaza. Ukienda ILRI, swali lilelile linageuka maziwa: ng'ombe anakula pumba yenye sumu, ini lake linaibadilisha B1 kuwa sumu nyingine iitwayo M1, M1 inatoka na maziwa, mtoto anakunywa chai ya maziwa asubuhi.

Faida kubwa ya mlango huu ni ujuzi wa mikono. Kuna mashine zinazofanya kazi, jenereta linalowaka umeme ukikatika, mafundi wanaojua kwa nini mstari wako wa vipimo haunyooki, na mtaalamu wa takwimu atakayekuuliza mapema kwa nini umechagua sampuli 60 na si 200. Nimewaona vijana waliokaa miezi mitano tu kwenye maabara za namna hii wakatoka wanaweza kuanzisha maabara nyingine. Kwa kipimo cha miezi sita mlango huu unashinda, kwa kuwa kemikali tayari ziko stoo.

Bei yake ni kwamba wewe ni tofali moja kwenye ukuta mrefu. Kazi ya CIP ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, iliyowaletea watafiti wake watatu Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda, imejengwa kwa miaka mingi na mikono mingi. Ni heshima kuwa tofali pale. Lakini tasnifu inataka lengo ambalo ni lako, unaloweza kulitetea mbele ya watahini bila kusema "hiyo sehemu anaijua mratibu wa mradi". Kwa hiyo usiingie kwa kauli ya "nitasaidia kwenye mradi". Omba lengo mahususi, liandikwe. Katika suala la Aflasafe, kwa mfano, unaweza kuomba kufuatilia kinachotokea mahindi yaliyolindwa shambani yanapofika kwenye mashine ya kukoboa, kwa sababu hapo ndipo sayansi ya chakula inapoanzia na kilimo kinapoishia.

Jingine ni kuwa na wasimamizi wawili. Wa kituo anataka takwimu za ripoti ya mfadhili mwezi ujao, wa chuo anataka sura ya pili. Wasipokutana mapema, wewe ndiye utakayekuwa barua yao.

Mlango wa chuo cha ng'ambo

Nikiulizwa ni ubia gani wa vyuo ukanda huu unaonivutia kisayansi, nitautaja wa JKUAT na KU Leuven ya Ubelgiji kuhusu maharage. JKUAT, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pale Juja, Kenya, ilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994, kwa hiyo kuishi na wabia wa mbali si jambo geni kwake. Swali la maharage kila mpishi wa kwetu analijua: maharage ya msimu uliopita, yaliyokaa kwenye stoo yenye joto, hayaivi. Unachemsha kutwa, mkaa unaisha, mengine yanabaki kama kokoto. Bibi zetu walitia magadi.

Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba joto na unyevu wa stoo huamsha kimeng'enya kinachovunja faitati, kemikali inayoshikilia madini ndani ya harage. Faitati ikivunjika inaachia kalsiamu na magnesiamu, nazo zinakwenda kuifunga pektini, ile gundi iliyoko kati ya seli na seli. Pektini iliyofungwa hivyo haiyeyuki kwa maji ya moto, seli haziachani, harage haliivi. Magadi yanasaidia kwa kuwa yanayafanya maji kuwa na alkali na kuingiza sodiamu mahali pa kalsiamu. Ona jinsi ubia huo ulivyokaa: swali limetoka jikoni kwetu, maharage ni yetu, stoo yenye joto ni yetu, na Leuven ina utaalamu wa miaka mingi wa pektini. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hana. Chuo cha ng'ambo kikikuletea ubia, tafuta kama una umbo hilo. Kama mchango wenu pekee ni kukusanya sampuli na kuzifunga kwenye barafu, huo si ubia, ni uchukuzi.

Sumukuvu nayo imepita hapa. Wilayani Kongwa, Dodoma, taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, NM-AIST, na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani walifanya jaribio lililohusisha maeneo ya vituo vya afya 52, wakitaka kujua kama mtoto wa miezi 6 hadi 18 akipewa unga wa lishe wenye sumu ndogo kuliko wa kawaida atakua vizuri zaidi. Swali la namna hiyo mwanafunzi mmoja halifanyi, wala chuo kimoja. Linataka wauguzi, magari, unga wa maelfu ya kilo, na maabara inayoweza kupima alama ya sumukuvu ndani ya damu. Kwa mwanafunzi, kukaa ndani ya jaribio la ukubwa huo kunafundisha mambo ambayo hayapo kwenye somo lolote la darasani, hasa nidhamu ya kutobadilisha utaratibu katikati ya safari hata ukiona njia ya mkato.

Sasa miezi sita. Utaratibu maarufu kwa uzamivu ni ule wa kuanza na kumalizia Ulaya huku kazi ya uwandani ikifanyika nyumbani, kama Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wanavyofanya. Kwa miaka minne unapumua. Kwa umahiri, safari ya miezi mitatu kwenye maabara ya nje ina visa, ina mkataba wa kuhamisha sampuli unaopita kwa wanasheria wa pande mbili, ina cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kisha ufike ukute mashine imepangiwa watu wengine mpaka Novemba. Ukipewa nafasi hii, usiulize kwanza utalala wapi. Uliza: siku zangu za mashine zimeshaandikwa kwenye ratiba?

Na kuna somo la mwaka 2025 ambalo sitaki mwanafunzi yeyote alisahau. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, imeishi miaka mingi na wabia wa nje. Wanorwei wamekuwepo kwa mfululizo wa miradi, na mradi wa iAGRI ulioanza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Ohio State cha Marekani ulisomesha zaidi ya Watanzania 100 umahiri na uzamivu, wengine leo ni walimu wa vyuo. Fedha za iAGRI zilitoka USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, wiki chache baadaye maabara za ubunifu za Feed the Future, mpango wa USAID wa chakula na kilimo, zilizokuwa chini ya vyuo vya Marekani, karibu zote zikapata barua za kusitishwa, na Julai 1 USAID yenyewe ikafungwa. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri maungo hawakukosea. Jiweke kwenye nafasi ya mwanafunzi ambaye sampuli zake ziko kwenye friza, posho imekatika, na mashine ya kuzipimia iko bara jingine. Sikuambii ukimbie fedha za nje, maana za ndani hazitoshi na kila mtu anajua. Nakuambia uhakikishe kwamba angalau nusu ya malengo yako inaweza kukamilika kwa vifaa vilivyopo chuoni kwako, ubia ukivunjika kesho.

Mlango wa kiwanda

Huu ndio mlango ambao wanafunzi wengi wanauogopa au kuudharau, na mimi naupenda. Simama getini kwa kiwanda cha unga siku moja ya msimu uone. Lori la tani 30 limefika saa 4 asubuhi. Dereva amechoka, mwenye mzigo anapiga simu kila dakika tano, meneja wa uzalishaji anauliza kwa nini mashine haina mahindi. Mkaguzi anapanda juu na bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha wa kutolea punje, anachoma magunia, anasaga alichotoa, anaweka kwenye kipimo cha haraka kinachofanana na kile cha ujauzito, na kabla ya nusu saa anatakiwa kusema lori liingie au ligeuze.

Na ndani ya uamuzi huo kuna sayansi ambayo haijaisha. Sumukuvu haijasambaa sawasawa kwenye shehena. Punje nyingi ni safi, na chache ndizo zimebeba mzigo wote. Bambo likizikosa, lori chafu linaingia. Likizigonga, lori ambalo kwa wastani ni zuri linafukuzwa. Kosa kubwa la kipimo cha sumukuvu kwa kawaida halitoki kwenye mashine, linatoka kwenye namna sampuli ilivyochukuliwa. Hivyo swali letu likipita mlango wa kiwanda linakuwa hivi: achome magunia mangapi, wapi, asage kiasi gani, ili uamuzi wake uwe wa haki kwa mwenye mzigo na wa usalama kwa mlaji, bila kusimamisha foleni? Swali hilo linaenea kwenye miezi sita. Shehena zinakuja kila siku bila wewe kulipia nauli. Unahitaji tu sehemu ya sampuli zithibitishwe kwenye mashine kubwa ya chuo au ya maabara inayotambulika, ili ujue kipimo cha haraka kinakosea wapi.

Hilo ni la unga. Kwa maziwa, karanga za kukaanga, juisi, hesabu ni ileile: kiwanda kinakupa malighafi, takwimu za kila siku, na watu ambao miezi kumi baadaye huenda wakakuajiri. Makerere walilielewa jambo hili mapema na wakajenga kituo cha kulea biashara za teknolojia ya chakula ndani ya chuo, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kulitoa wazo lake kwenye chupa ya maabara akaliweka kwenye pakiti yenye lebo.

Tatizo la kiwanda ni siri. Mwenzangu mmoja alifanya kazi nzuri sana kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Matokeo yalipoonyesha malighafi ya wiki fulani ilivuka kiwango, kampuni ikakataa tasnifu isiende maktaba. Mkataba aliousaini, bila kuusoma vizuri, uliwapa haki hiyo. Alihitimu kwa kuchelewa mwaka mzima, akiwa ameandika upya sura mbili na data nyingine. Kwa hiyo saini mkataba unaosema kampuni haitatajwa jina, au kwamba wana miezi sita ya kusoma kabla makala haijatoka. Hayo ni ya kawaida na ya haki. Usisaini unaosema wanaweza kuzuia. Na mkataba huo upitie ofisi ya sheria ya chuo, usiubebe mwenyewe kwenye bahasha.

Kuna lingine ambalo sheria haisemi vizuri: ukiona hatari ya kweli kwa walaji, utafanya nini? Ongea na msimamizi wako kabla ya kuanza, mkubaliane utaratibu, na kiwanda kiujue. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara umehamia TBS, shirika la viwango, kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo mamlaka ya kuripotiwa inajulikana. Kampuni inayokataa kuzungumzia jambo hilo siku ya kwanza imeshakujibu.

Mlango wa kijiji na halmashauri

Mlango wa mwisho hauna kapeti wala nembo ya kimataifa. Ni afisa lishe wa wilaya, kikundi cha kina mama wanaosaga unga wa lishe, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, zahanati. Fedha ni chache. Lakini swali linaulizwa na wenye njaa yake.

Mfano ninaoupenda uko Mwanza. Miaka ya 2000 Western University, ile ya London ya Ontario, Kanada, ilishirikiana na taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na kikundi cha kina mama kiitwacho Tukwamuane kutengeneza mtindi wenye bakteria rafiki, ukapewa jina la Fiti. Kazi hiyo ilisambaa baadaye hadi Kenya. Angalia majina: Fiti, Tukwamuane. Kina mama wale walikuwa wabia wenye jiko, wateja na kitabu cha mapato, na utafiti ulipita katikati ya kazi yao.

Sumukuvu kwenye mlango huu inakuwa swali la ungo. Kuchambua punje zilizovunjika na zenye rangi, kukoboa, kuosha, kuanika kwenye turubai badala ya udongo, kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS inayotengenezwa Tanga: kipi kati ya hivyo mama mwenye watoto wanne na jembe moja atakifanya kweli, na kitapunguza sumu kwa kiasi gani kwenye unga wake yeye? Ukoboaji unaondoa sehemu kubwa ya sumu, lakini pumba zinapelekwa wapi? Kwa kuku na ng'ombe, na tumesharudi kwenye yale maziwa ya Kabete. Hakuna maabara ya Ulaya itakayokuambia hayo. Inabidi ukae kwenye kigoda ukimtazama anavyopepeta.

Kwa gharama, mlango huu unaweza kupitika hata kwa mwanafunzi anayejilipia. Sampuli chache zilizochukuliwa vizuri, vipimo vya haraka, na mashine ya chuo kwa uthibitisho. Udhaifu wake ni mwingine: mvua inakata barabara, mtendaji anahamishwa, na ukifika wakati wa msiba hakuna anayekusagia unga, wala hustahili kumuuliza.

Nina deni kwenye mlango huu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikusanya unga wa lishe kwenye nyumba kadhaa za kijiji kimoja. Kina mama walinipa kikombe kizima kila mmoja, kutoka kwenye unga wa mtoto. Baadhi ya sampuli zilikuwa na sumu nyingi. Mradi ulikuwa umefungwa wakati majibu yanatoka, gari hakuna, mimi nikawa naandika tasnifu. Sikurudi kuwaambia. Nilipata alama nzuri, na makala ikatoka. Watoto wale waliendelea na unga uleule. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua, na bado linaniuma kila ninapoona kikombe cha plastiki chenye unga.

Kwa hiyo nani apite wapi

Kama ndoto yako ni maabara na unataka uzamivu, pita kituo cha kimataifa kwa umahiri, jifunze mashine mpaka uiote, kisha chuo cha ng'ambo kwa uzamivu ukiwa na swali lako mkononi. Ukifuata mpangilio huo, utafika Leuven au Cornell ukiwa mtu wa kujadiliana naye. Ukiugeuza, utakuwa mtu wa kuelekezwa.

Kama unataka kazi ya ubora na usalama kwenye kampuni, au umetoka kazini na utarudi kazini, kiwanda kinashinda bila ushindani. Usione haya kwamba swali ni dogo. Swali la bambo ni kubwa kuliko mada nyingi zenye majina marefu.

Kama unajilipia, au ufadhili wako ni wa mwaka mmoja tu, nenda kijijini na halmashauri, au utafute mwalimu mwenye ruzuku ya RUFORUM. Mtandao huo wenye ofisi kuu Kampala, ulioanza mwaka 2004 na vyuo 10 na sasa una zaidi ya 100, umekuwa na ruzuku zinazomfadhili mwalimu pamoja na wanafunzi wake wa umahiri kwa swali walilolibuni wao wenyewe. Ushindani ni mkali, lakini swali linabaki la nyumbani.

Kuna wanaoniuliza kama wanaweza kuchanganya. Ndiyo, na mara nyingi ndivyo inavyotakiwa: kijiji kikupe swali, chuo kikupe jina, kituo kikukopeshe mashine wiki tatu. Ila mbia mmoja tu awe ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ratiba yako, nawe umjue. Wawili wakivuta, miezi sita inakwisha mko kwenye barua pepe.

Kabla ya kusaini popote, andika barua fupi kwa msimamizi na mbia, kwa lugha ya kawaida, uombe majibu ya maandishi. Lengo lipi ni langu peke yangu? Mashine iko wapi na siku zangu ni zipi? Sampuli zitakazobaki zitakaa kwa nani? Jina la kwanza kwenye makala ya lengo langu ni la nani? Fedha zikikatika mwezi wa nne, nimalize na nini? Mbia mzuri atajibu ndani ya wiki na hata kukushukuru. Anayekwambia "hayo tutayaona mbele ya safari" amekuonyesha safari yenyewe itakavyokuwa.

Na kama kazi yako inagusa chakula cha nyumba za watu, fungua kalenda ya andiko lako sasa hivi. Kabla hujaandika tarehe ya kukusanya sampuli, andika tarehe ya mkutano wa kijiji utakaorudi na majibu, weka na nauli yake kwenye bajeti, kisha ndipo urudi nyuma upange hayo mengine.